Vim na lambda ya 37: nimechoka nayo, lakini siihami

Natumia Vim, programu ya kuandikia maandishi na kodi, tangu chuo na sikuwahi kuitukana. Juzi kati nimeitukana mpaka mama akachungulia dirishani.

Nilikuwa naandika orodha ya bei ya duka la shemeji, Ngamiani ya Tanga, Barabara ya 12. Kufika mstari wa misumari, wekundu chini ya skrini: kosa kwenye lambda 37, mstari wa 1, nafasi ya 2 haimo kwenye orodha. Sijabonyeza kitu, nasogeza mshale tu! Na lambda 37 ndiyo nani? Ngamiani nako barabara zina namba, lakini ukiambiwa ya 12 unakwenda ya 12, na kesho utaikuta palepale. Lambda ni funksheni, yaani vipande vya kodi vya kufanya kazi fulani, ambazo mwandishi hakuzipa jina; zenyewe zinapewa namba kadiri zinavyozaliwa. Nikashuku plagini, vile viongezo vya Vim vilivyoandikwa na watu wengine, nikang'oa moja, nikafungua upya: kosa lilelile, sasa linaitwa lambda 21. Nikang'oa nyingine, likawa 14. Nimeng'oa tano, zote hazina hatia.

Nikamuuliza kijana mmoja mjuzi. "Kaka, si unaandika :function tu, hata hilo?" Huku anacheka. Nikaandika. Likaja furiko la funksheni, lambda hata moja haimo, kwa sababu amri hiyo ikiwa tupu inazificha. Na yeye hakujua! Cheko lote lile!

Jawabu nimelikuta kwenye help ya Vim yenyewe, sehemu ya lambda: andika :function, halafu jina lake zima pamoja na vile vimabano vyake, yaani :function <lambda>14. Sasa ujumbe wa kosa ungepungukiwa nini kuniambia hivyo tangu mwanzo?

Ikajianika. Kastari kamoja, na kigezo chake kinaitwa "saa". Saa! Fundi gani wa Ulaya aandike saa? Nikatanguliza :verbose, ikanitajia na faili ilikozaliwa: vimrc yangu, faili ya mipangilio niliyoiandika mwenyewe. Kumbe ni ile taima, amri inayojiendesha yenyewe kila baada ya muda, niliyoiweka zamani inionyeshe bei ya mstari nilipo, nikaisahau. Misumari ilikuwa haina bei.

Nyota nilitaka kutoa moja. Kisha nikafungua Vim tupu, nikakutana na ule ujumbe wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, alioutuachia marehemu Bram Moolenaar, muasisi wa Vim, nikaona haya. Nne. Hapana, tatu, kwa zile plagini tano.

Shemeji kapiga simu hapa: "Shem, misumari umeweka bei gani?" Si ndiyo namngoja yeye!