X100V kwenye upepo wa Clare: pete kwanza, picha baadaye

Nilinunua Fujifilm X100V ya mtumba kwa sababu nilichoka kupanda basi na begi la lenzi tatu. Nakaa Ennis, kaunti ya Clare, magharibi ya Ireland, na picha zangu si za maonyesho: watu kituoni, mbwa mlangoni pa bucha, bahari ikichafuka.

Kwa mitaani sina kinyongo nayo. Shata yake imo ndani ya lenzi, haigongi, ni kama mtu kavunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Lenzi haibadilishwi, ni milimita 23 tu, na kwa vichochoro vyembamba vya Ennis inatosha kabisa. Kuna mzee nilimpiga akipima viazi, kucha zimejaa udongo, sarafu kaibana kati ya vidole viwili. Akaniuliza kama nimerithi kamera ya babu. Nilipomwambia ilitoka 2020 alicheka, akarudi kwenye mizani yake. Ningemtolea kamera kubwa, angesimama wima kama anapigwa ya pasipoti.

Kilichonishangaza zaidi ni filta ya ND iliyojengewa ndani, inayopunguza mwanga mara 16. Kilkee, maji yakipwa, vidimbwi vya Pollock Holes hubaki wazi kwenye mwamba na watu huogelea humo, baridi isiwaambie kitu. Jioni ya mawingu niliitegesha kamera juu ya begi, nikawasha filta, spidi ikashuka kutoka 1/30 hadi nusu sekunde. Wimbi lilitoka kama tui linalomiminwa, na mama mmoja aliyekaa ukingoni na taulo lake akabaki yuleyule, hajatikisika. Stendi niliiacha nyumbani.

Sasa mvua. Kinga ya maji ya kamera hii haikamiliki mpaka ufunge pete ya adapta na filta mbele ya lenzi. Duka lililoniuzia halikunitajia, na mimi maelekezo huyasoma nikishaharibu. Loop Head, kwenye mnara wa taa, Atlantiki haikungoji ujiandae: rasharasha ya chumvi ilipanda jabali ikanipiga usoni, na lenzi ikashika ukungu. Siku tatu kamera ililala karibu na dirisha, mimi na roho mkononi. Ilipona. Pete nikaagiza usiku uleule, na ukinunua mtumba iulizie kabla hujatoa hela.

Kwa Cliffs of Moher usiitegemee peke yake. Majabali yanafika mita 214. Mandhari yote yanaingia vizuri, lakini puffin, ndege wadogo wa baharini wanaozaa huko tangu majira ya kuchipua, wanatoka kama punje za pilipili manga. Mwenye kutaka ndege anunue lenzi ndefu.

Betri nayo ni ndogo kwa siku za huku. Nimekulia Tanga, ambako jua hutoka baharini; hapa linaingia humo, na mwezi Juni linaingia saa nne usiku. Betri ya kwanza kwangu huzima ikifika saa mbili usiku. Ya pili huiweka mfuko wa ndani wa koti, isipoe.