Filamu za kauboi mwimbaji: kabla hujalipia, tazama dakika

Nimelipitia lote: sanduku la DVD 4 lenye filamu 20 za makauboi waimbaji wa Marekani, miaka ya 1930 na 1940, nikalinganisha kadhaa na kopi zilizokarabatiwa. Filamu zenyewe nazipa nyota nne. Sanduku nyota mbili, kwa sababu ya namba iliyojirudia nyuma ya kasha: dakika 53.

Namba hiyo ina kisa chake. Studio ya Republic ilizitengeneza filamu za Gene Autry na Roy Rogers kwa ajili ya kumbi za sinema. Televisheni ilipoingia, zikakatwa hadi dakika 53 ili zienee kwenye saa moja pamoja na matangazo. Waimbaji wote wawili walikwenda mahakamani kupinga filamu zao kupelekwa kwenye televisheni. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa ikaipa studio haki. Sasa piga hesabu: South of the Border ya 1939 inafika dakika 71 ikiwa kamili. Kopi ya dakika 53 imepoteza robo nzima. Na mkasi mara nyingi huziacha ngumi na mbio za farasi, ukaondoka na wimbo, au na yale maongezi mafupi yanayouleta. Ndiyo maana kwenye kopi hizi unaona gitaa limetokea tu mkononi mwa stelingi, hujui limetoka wapi.

Hapo ndipo unapoibiwa, maana hadithi utaijua ndani ya dakika kumi: mwenye ranchi anadhulumiwa, na yule bwana wa suti, mpole kupita kiasi, ndiye anayetaka maji au ardhi. Utamu uko kwenye wimbo. Autry haimbi kwa kukaza shingo; anaimba kama mtu anayeongea na jirani, farasi akitembea taratibu. Tega sikio wimbo wa njiani unapoanza: upepo na mwangwi wa nje hukatika ghafla, sauti ikawa kavu na ya karibu. Ilirekodiwa kwanza studioni, na pale juu ya farasi anafuatisha midomo tu. Kodiani na fidla utavisikia, mpigaji humwoni. Ukishaligundua hilo litakuchekesha kila mara, wala haliharibu kitu.

Ule mtindo wa kuirusha sauti kooni, yodeli, Autry aliuanza kwa kumwiga Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Ni Rodgers huyohuyo ambaye santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wao mwaka 1950 wakimwimba kwa jina la Chemirocha.

Mgeni aanze na Under Western Stars ya 1938, iliyompa Rogers nafasi baada ya Autry kugoma kwa ajili ya mkataba. Ina ukame, vumbi, na kauboi anayepelekwa Washington kuwa mbunge. Wimbo wake wa vumbi uliteuliwa kuwania Oscar. The Phantom Empire ya 1935 iweke baadaye. Ni ya vipande 12, kuna ufalme chini ya ardhi na maroboti, na katikati ya vurugu zote hizo Autry lazima awahi kurudi ranchi kuimba redioni, la sivyo mkataba unavunjika. Ukiitazama yote kwa mkupuo utachoka.

Usimruke Herb Jeffries. Huyu ni stelingi mweusi, na The Bronze Buckaroo ya 1939 ilitengenezwa kwa kumbi za watazamaji weusi enzi za ubaguzi. Kundi la Four Tones linalomwitikia ni zuri mno. Kopi yake ndiyo mbovu kuliko zote sandukuni: sauti inakwaruza, nyuso zikiingia kivulini zinamezwa. Kuongeza mwanga wa televisheni hakusaidii, kunaleta ukungu. Punguza ule utofauti wa weusi na weupe, na sauti nyembamba zishushe kidogo.

Kwa filamu zote, picha iache kwenye umbo lake la zamani la 4:3, na mistari myeusi pembeni. Ukiitanua, farasi wanakuwa wafupi na wanene kama viboko. Zima pia mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo. Maandishi ya chini hakuna.

Nyota ya tano ya filamu zenyewe imepotea kwa sababu ya wachekeshaji wa pembeni, ambao wengine hawajui kunyamaza, na kwa jinsi Wamexico na Wahindi Wekundu walivyochorwa. Miamba nayo utaizoea, kama ile ya Lone Pine, California, inayojirudia kwenye filamu kadhaa.

Ukitaka za Autry, tafuta zilizokarabatiwa na kampuni yake mwenyewe, hata kama kwa bei ya sanduku hili unapata mbili badala ya ishirini. Muuzaji asiyeandika dakika, muulize kabla ya kulipa. Akijibu 53, unajua kilichokatwa.