Linux Mint 22 kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu na Wi-Fi na sauti

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Arua, Uganda. Laptopu niliinunua mtumba Kampala, nikarudi nayo kwa basi la usiku, kesho yake nikaiwekea Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure kama ilivyo Windows kwa kazi yake. Haja yangu kubwa ilikuwa sauti. Wanafunzi wangu wengi nyumbani wanaongea Kilugbara, kwa hiyo wakisikilizishwa taarifa ya habari ya Kiswahili masikio yao yanazoea. Mashine bubu isingenifaa.

Kuiweka Mint hakukuwa na tabu, ila Wi-Fi haikuonekana kabisa. Fundi mmoja mjini akaitazama, akasema, "Mwalimu, kadi imekufa hii, tubadilishe." Nashukuru sikutoa hela. Jioni nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, na kadi ikajitaja yenyewe: BCM43142. Basi ilikuwa hai, ilikosa tu draiva yake (programu ya kuiendesha), wl, ambayo si programu huria na kwangu haikujiwasha yenyewe.

Intaneti ya kuipakua niliitoa kwenye simu kwa waya wa USB. Mint iliipokea papo hapo kama mtandao wa waya, bila kuuliza kitu. Hapo niliipenda sana. Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta draiva, ikapendekeza bcmwl-kernel-source, kifurushi chenye hiyo wl, nikakubali. Katikati ikanidai nitunge nenosiri kwa sababu ya Secure Boot, ulinzi unaozuia draiva zisizotiwa saini inayotambulika, nikatunga bila kujua la nini. Kompyuta ilipowaka upya ikaja skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu. Sikuigusa, ikapita, na Wi-Fi ikabaki vilevile. Siku mbili nzima nilihangaika na hilo! Dawa ilikuwa kuomba upya ufunguo wa saini ya draiva usajiliwe, na kutunga nenosiri tena:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Nikazima, nikawasha, safari hii nikawahi kubonyeza kitufe, nikachagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo huo, na kuandika lile nenosiri. Mitandao ya majirani ikajaa kwenye orodha. Hatua hii ndiyo ninayoilalamikia: ingeelezwa mapema kwa lugha nyepesi, maana mtu asiye fundi akifika hapo atadhani ameharibu kompyuta.

Sauti haikunichosha hivyo. Ilikuwa inapelekwa HDMI, tundu la skrini ya nje, ambako sikuwa nimechomeka kitu. Kwenye mipangilio nikachagua spika za ndani, bado kimya. Nikafungua alsamixer, programu ya terminali ya kurekebisha sauti, nikabonyeza F6 kuchagua kadi ya sauti ya pili, nikakuta MM chini ya Speaker, yaani imefungwa. Herufi M mara moja, ikawa 00, spika zikalia.

Kwa mwenye laptopu ya zamani naipendekeza Mint kwa moyo wote, ila ijaribu kwa flashi kabla ya kulipa, na usiende dukani bila waya wa simu. Jumatatu wanafunzi wa S.2 (mwaka wa pili wa sekondari) walisikiliza taarifa ya habari mara mbili, wakaomba irudiwe tena.