Nano ID: fupi, lakini haikisiki

Viungo vyote vya kushirikiana mafaili kwenye programu yangu sasa vinatumia Nano ID, maktaba ya JavaScript inayotengeneza vitambulisho vya nasibu. Herufi 21 tu, dhidi ya 36 za UUID (muundo uliozoeleka wa vitambulisho vya kipekee), lakini ina biti 126 za nasibu. UUID toleo la 4 ina 122. Kilichonivuta hasa ni chanzo: haigusi Math.random (jenereta ya nasibu ya JavaScript isiyo salama), inachota kwenye jenereta salama ya mfumo, hivyo anayeona kitambulisho kimoja hawezi kukisia kinachofuata. (Ile ya nanoid/non-secure, inayotumia Math.random, iacheni.) Vistari vya katikati viliniudhi wakati wa kunakili, nikaviondoa kwa customAlphabet, sehemu ya Nano ID ya kujichagulia herufi. Kwa majedwali makubwa ya data siipendekezi, maana vitambulisho vyake havipangiki kwa wakati. Huko natumia UUID toleo la 7, ambayo hupangika kwa wakati.