Asta za kudumu kwenye kitalu cha barabara ya Entebbe: miche mizuri, maelezo pungufu

Wapenda bustani wa Kampala wanaotafuta asta za kudumu, yaani maua yanayochipua upya kutoka mizizini baada ya kukatwa, watazipata katika kitalu kimoja kando ya barabara ya Entebbe, na kwa afya ya miche sina la kulalamikia. Mche nilioutoa kwenye kiriba ulikuwa na mizizi myeupe iliyoushika udongo bila kujisokota, na machipukizi mapya yalikuwa yakichungulia pembeni mwa shina.

Kasoro iko kwenye maelezo. Kibao kinaahidi "rangi za vuli", ahadi iliyonakiliwa kutoka nchi za baridi, ambako vuli si mvua bali ni majira ya majani kupukutika. Asta hizi asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako hurefuka wakati mchana ni mrefu, kisha huchanua siku zinapofupika, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Entebbe iko karibu kabisa na Ikweta na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima; kwa hiyo mche huchanua ungali mfupi, mwezi wowote ule, bila kusubiri vuli.

Ushahidi umo humo humo kitaluni. Miche iliyopangwa chini ya taa ya askari, inayowaka usiku kucha na kuifanya ione mchana kama mrefu, imefika magotini na haina hata tumba moja, ilhali ile ya nyuma, iliyo gizani, haizidi shubiri moja na nusu na imejaa maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Muuzaji alisema hizo ndefu ni "aina nyingine", akazitoza shilingi 8,000 badala ya 5,000, ingawa vibandiko vyote vilikuwa na jina lile lile! Mashamba yanayouza maua nchi za nje huwasha taa usiku kwa makusudi ili kurefusha vikonyo, kisha huzizima ili mimea itoe tumba. Jambo hili mwenye kitalu alipaswa kulijua.

Nunueni zile fupi. Mkipewa nafasi ya kuchagua, chukueni aina ya New England, kwa kuwa ile ya New York hushambuliwa mno na ubwiri unga, yaani ukungu mweupe unaotanda kwenye majani, hasa ikipandwa kwa msongamano pasipopita hewa. Kichaka cha asta kigawanywe mizizini kila baada ya miaka miwili au mitatu, la sivyo hufa katikati. Na kila kipande chenye mizizi ni mche mpya usiolipiwa.