Maonyesho ya magari ya zamani: nilienda kushangaa rangi, nikarudi na sumaku mfukoni

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Gari nalijua kwa kuliendesha na kulijaza mafuta, basi. Aliyenikokota kwenye maonyesho haya ni shemeji yangu, mtu ambaye injini ya kabureta ikipita barabarani huacha chakula mezani na kutoka nje kuitazama. Nilikubali kwa shingo upande. Nilipanga kupiga picha mbili tatu kisha nimsubiri kivulini, lakini tumeondoka pale magari ya mwisho yakiwashwa.

Ushauri wa kwanza kwa anayefikiria kwenda: wahi. Ukichelewa utakuta magari yamepangwa mistari, yamezimwa, yamenyamaza kama vyombo vya kabatini. Ukiwahi utayaona yakiingia, na nusu ya utamu iko hapo. Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa kobe, nilikuwa naijua kwa sura tu. Sikuwa nimewahi kusimama nyuma yake, ambako ndiko injini iliko, nikasikia inavyocharaza kama cherehani. Haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa hewa. Mwenye ile ya miaka ya hamsini alinionyesha kwamba dashibodi haina mshale wa mafuta. Ikianza kukwamakwama njiani, dereva anapeleka mguu kwenye kijikoki kidogo karibu na pedali, anakigeuza, na akiba ya mwisho inafunguka. Ole wako kama safari iliyopita ulisahau kukirudisha.

Citroën DS ndiyo iliyonifanya nicheke kwa sauti. Gari hili lilitambulishwa Paris mwaka 1955, na badala ya springi za kawaida limebebwa na mafuta na gesi. Likizimwa linashuka taratibu mpaka tumbo linakaribia ardhi. Likiwashwa, nyuma huinuka kwanza, kisha mbele ikafuata, sawasawa na ngamia anayenyanyuka. Nilimwomba mwenyewe arudie. Akarudia. Watoto wakamwomba tena, na mzee wa watu akawa hana kazi nyingine asubuhi ile.

Harufu nayo niiseme, kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha. Injini hizi zikiamshwa baridi, choki imevutwa, zinatema petroli ambayo haijaungua vizuri, na hakuna kichujio chochote cha kisasa kwenye eksozi. Macho yanawasha. Mwenye pumu akae mbali na lango la kuingilia.

Sasa nije kwenye sumaku.

Pembeni kabisa, mbali na magari yaliyong'aa, kulikuwa na Land Rover ya zamani, rangi imepauka, viti vimeshonwashonwa. Nilikuwa naipita. Mwenyewe, mzee mmoja mwenye ovaroli, akaniita: "Kijana, shika hii." Akaniwekea kisumaku kiganjani, kimefungwa kitambaa ili kisikwaruze rangi. "Bandika kwenye mlango." Nikabandika, kikaanguka. Madigadi ya mbele, kikaanguka. Nikajua mzee ananichezea. Kumbe bodi ni ya aluminiamu. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, aluminiamu ikawa rahisi kupatikana. Kilichoanza kama njia ya kukwepa uhaba kikageuka sifa. Ila fremu ya chini ni chuma, na mzee alinilaza chini niione: imechomelewa viraka mahali kadhaa. "Juu haiozi, chini inaoza," alisema. "Anayenunua hizi kwa kutazama juu huwa analia."

Kisha akanifundisha matumizi ya pili. Kwenye gari la bodi ya chuma, sumaku isiposhika, hapo chini ya rangi kuna puti, ile plasta ya kuzibia mabonde. Fundi alinyoosha akashindwa, au kutu ilikula, akasiliba.

Nikakopa ile sumaku nikaenda nayo kwenye mstari wa magari ya kifahari. Najua, najua. Nilichagua moja jekundu lililong'aa kiasi cha kujiona meno, nikapeleka mkono kwenye tao la gurudumu la nyuma. Sumaku haikugusa hata rangi. Mwenye gari alikuwa keshafika. Aliniuliza kama nina kichaa, nami sikuwa na jibu zuri. Shemeji akajifanya hanijui. Kosa langu, na mwenzangu usilirudie: gari la mtu haliguswi bila ruhusa, hata kwa kidole, hata kama mlango uko wazi.

Kuna Ford T pia, lile ambalo kiwandani walitengeneza zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Pedali ziko tatu, ila ya kushoto ni ya gia, ya kati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ndiyo breki, na mafuta unakanyaga kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Dereva wa leo akikalia kiti kile ataingia ukutani ndani ya dakika moja. Niliruhusiwa kulizungusha hendeli ya kuwashia. Sharti moja: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, kwa sababu injini ikirusha hendeli nyuma kitavunjika. Nilizungusha mara nne. Mara ya tano alizungusha mwenye gari, likawaka.

Malalamiko ninayo. Mshereheshaji alipewa spika kubwa kupita kiasi, na injini ukitaka kuisikia lazima umsikie yeye kwanza. Vibao vya maelezo viliandikwa jina la gari na mwaka, basi. Bila wenye magari kuongea, mgeni kama mimi asingeambulia kitu. Na tuzo ilikwenda kwa lile jekundu. Waamuzi hawakuja na sumaku.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na mwakani naenda bila kuvutwa.

Mzee wa Land Rover alikataa nimrudishie kisumaku chake. Jioni ile nilizunguka gari langu mwenyewe, lile nililouziwa kwa kiapo kwamba halijawahi kugongwa. Milango mitatu ilishika. Wa nyuma kushoto, kisumaku kilianguka miguuni pangu.