Siku Mbili Kibaigwa na Kongwa, Mkoani Dodoma

Wasafiri wengi wa barabara ya Morogoro kwenda Dodoma huifahamu Kibaigwa kwa malori yaliyojipanga kando ya lami. Hununua maji dirishani mwa basi, na safari ikaendelea. Mimi nilishuka mwezi Juni, mavuno yakiwa yamepamba moto, nikakaa siku mbili katika wilaya hiyo ya Kongwa, na naipendekeza ziara hii bila kusita.

Anzia soko la mahindi, tena alfajiri. Mnunuzi huchoma bambo, yaani chuma chenye ncha na mfereji cha kutolea sampuli ya nafaka, ubavuni mwa gunia, punje zikamiminika kiganjani mwake, akazipuliza vumbi, akaitafuna moja ili ajue kama imekauka sawasawa, ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza. Mzee mmoja aliponiona nikitazama gunia lililoshonewa kilemba juu, yaani lumbesa, aliniambia kwa upole: “Mwanangu, hicho kilemba ni jasho langu, na hakuna anayekilipia.” Sijaona maelezo yoyote ya maandishi yanayolifafanua suala la mizani kwa uwazi wa namna hiyo.

Kutoka hapo nilikwenda Kongwa mjini kupitia njiapanda ya Mbande. Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta na kujenga tawi la reli kutoka Msagali, ilhali mvua za huku ni chache na udongo wake ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing’oki. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wagogo waliendelea na uwele na mtama, nafaka zinazostahimili ukame, na kwangu huo ndio urithi mkubwa zaidi wa mahali hapa, ingawa haujajengewa mnara. Kuanzia miaka ya 1960 eneo la stesheni iliyoachwa likawa makazi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Samora Machel naye aliishi Kongwa. Wako waliozikwa hapa bila kuuona uhuru wa nchi zao, na mbele ya makaburi yao nilisimama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Chakula kilinifurahisha: ugali wa uwele, mweusi kidogo na wenye harufu ya nafaka iliyosagwa siku hiyo, kwa mlenda uliotiwa karanga. Malazi ni ya kawaida. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikosa maji usiku kucha, na mhudumu hakutuarifu mapema, jambo ambalo halikubaliki kwa mgeni aliyeshinda katika vumbi la soko.

Nendeni kati ya Juni na Agosti, mvae viatu vilivyofunika miguu, na kabla ya kupiga picha magunia ya mtu, mwombeni ruhusa mwenyewe. Mimi niliombwa kwanza nishike bambo na kujaribu, na nilikubali.